Konseti za mchana za okestra: namna ya kuchagua, pa kukaa, na jinsi ya kutosinzia

Okestra ya mjini kwenu imetoa ratiba ya msimu mpya, bango limejaa picha za watu wameshika fidla wamenuna kama wamedhulumiwa, we umeangalia sekunde mbili ukasema ah hii si ya watu kama sisi, ukapita. Rudi. Hasa kama ratiba ina konseti za mchana, maana mi nilianzia huko na mpaka leo nikipewa kuchagua kati ya mchana na usiku nachagua mchana bila kufikiria. Tiketi mara nyingi ni nafuu, hamna presha ya kuvaa kama unaenda harusini, ukitoka jua bado lipo, na kwenye okestra nyingi wanaopiga mchana ni walewale wa usiku, tena mara nyingi na programu, yaani vipande vinavyopigwa, ni ileile.

Na kama kuna mtu anakwambia ya mchana ni daraja la pili, mwambie hivi: simfoni ya 9 ya mtunzi Dvořák (simfoni ni kazi ndefu ya okestra nzima yenye sehemu kadhaa), hii inayoitwa ya Dunia Mpya, watu wa kwanza kabisa kuisikia waliisikia mchana. Ilikuwa Desemba 15, 1893, Carnegie Hall, New York, yalikuwa mazoezi ya wazi, mwenye tiketi anaingia, na ule uzinduzi wenyewe rasmi ukaja kesho yake usiku. Yaani wa mchana walishajua tayari inaishaje wakati wenye masuti bado wanafunga tai.

Haya, twende.

Hatua ya 1: usinunue msimu mzima

Najua watakushawishi, tiketi ya msimu ina punguzo, unapata kiti chako mwenyewe, sijui nini na nini. Kwa mtu mgeni hiyo ni kujifunga. Utaenda ya kwanza kwa furaha, ya pili kwa bidii, ya tatu mvua itanyesha, ya nne utampa shangazi tiketi. Chagua konseti tatu tu, basi, zipishane angalau mwezi mmoja. Okestra nyingi zina mpango wa kuchagua mwenyewe unazotaka halafu unapata punguzo dogo, ulizia huo, huwa hautangazwi kwa herufi kubwa.

Hatua ya 2: jifunze kuisoma ratiba

Hapa ndo wengi wanakata tamaa kwa sababu ratiba inaandikwa kama hati ya mahakama. Unakuta "Beethoven, Simfoni Na. 5, Do ndogo, Op. 67" ukajiona hujasoma. Tulia. Op. ni namba ya kazi ya huyo mtunzi, mara nyingi kufuatana na zilivyochapishwa, kwenye Mozart utaona K. kwa sababu kuna bwana anaitwa Köchel alikaa akaorodhesha kazi zake zote akatoa orodha mwaka 1862, kwa Bach utaona BWV. Ni kama namba ya usajili wa gari, huhitaji kuikariri, inakusaidia tu ukitafuta onlaini usije ukasikiliza kitu kingine.

Kitu cha kuangalia ni umbo la programu. Programu ya kawaida inaanza na kipande kifupi cha kama dakika kumi, kinaitwa ovacha, cha kufungulia mlango. Inafuata konchato, hapo kuna mpigaji mmoja mgeni anasimama mbele na fidla au anakaa kwenye piano, okestra nzima inabishana naye kwa nusu saa hivi. Mapumziko. Halafu simfoni, dakika 30 au 40 au zaidi. Konseti za mchana zingine zinakata, zinabaki saa moja bila mapumziko kabisa, na mi kwa mgeni hizo ndo nazipendekeza zaidi kuliko zote.

Zile dakika ziangalie kweli. Simfoni ya 9 ya Beethoven inakula kama dakika 70, na kwaya iliyokaa pale nyuma haiimbi mpaka sehemu ya nne, kwa hiyo ukiona watu wengi wamekaa hawafanyi kitu usishangae, zamu yao inakuja. Simfoni ya 3 ya Mahler inapita saa moja na nusu. Sisemi ni mbaya, nasema usianze nayo, saa nane mchana, umeshiba. Tena tushukuru, Desemba 22, 1808 kule Vienna, Beethoven aliwakalisha watu kama masaa manne kwenye ukumbi wa baridi, akawapigia simfoni ya 5, ya 6, konchato ya piano ya 4 na vingine juu yake, siku moja, kikao kimoja.

Ukiniuliza mi nianze na nini ntakujibu: ukiona Dvořák 9 kwenye ratiba kata tiketi, ukiona Beethoven 5 kata, ukiona Boléro ya Ravel (1928) kata haraka kwa sababu ile unaielewa hata kama hujawahi kusikia okestra maisha yako yote, ngoma ndogo inapiga mdundo uleule mwanzo mwisho kama dakika 15 na vyombo vingine vinaingia kimoja kimoja juu yake, unamwangalia yule mpiga ngoma unamwonea huruma.

Hatua ya 3: saa

Hii naiandika peke yake kwa sababu imeshamkuta mtu wangu. Tiketi inaandika 2:00 au 14:00, hiyo kwetu ni saa nane mchana. 3:00 ni saa tisa. Binamu yangu nilimtumia picha ya tiketi badala ya kumwandikia saa, akaona 3:00 kwa haraka, akili ikamwambia saa tatu, akafika asubuhi yote ukumbi umefungwa kuna mtu anafagia. Akanipigia simu ananigombeza mimi! Kwa hiyo ukimwalika mtu mwandikie kwa maneno, saa tisa alasiri, usimwachie tarakimu.

Na fika nusu saa kabla. Okestra si basi, haisubiri abiria, ukichelewa watakuzuia mlangoni mpaka kipande kiishe au pawe na nafasi, unabaki koridoni unaiangalia kwenye skrini ndogo au unaisikia kwa mbali kama redio ya jirani.

Hatua ya 4: kiti

Watu wanadhani mbele kabisa ndo kuzuri kwa sababu kwenye mambo mengi mbele ni kwa wakubwa. Kwenye okestra hapana. Ukikaa mstari wa kwanza unaona viatu vya wapiga fidla na chini ya piano, wale wa filimbi na tarumbeta waliokaa nyuma huwaoni kabisa, na sauti inakujia ya upande mmoja, fidla zinakujaza sikio moja na chelo (zile fidla kubwa za kusimamisha chini) jingine. Panda juu, roshani. Juu sauti inafika ikiwa imeshachanganyika, unaona kila mtu anafanya nini, na mara nyingi ndo bei ya chini, yaani hapa umaskini na ujuzi vimekutana.

Kama kuna konchato ya piano kaa upande wa kushoto ukiwa unatazama jukwaa, ndo utaona vidole. Upande wa kulia utaona uso wake tu, ingawa kuna wapiga piano ambao uso wenyewe ni sinema, basi hapo chagua mwenyewe.

Kuna kumbi zina viti nyuma ya okestra, vile vya kwaya, kwaya isipokuwepo wanaviuza. Kaa huko mara moja hata kama ni kwa kujaribu. Utaona kondakta anavotazama watu wake (kondakta wa okestra jamani, si yule wa "songa nyuma songa nyuma"), anaminya jicho, anatabasamu, anamkazia mtu macho, mambo ambayo ukumbi mzima hawaoni kwa sababu wao wanatazama mgongo wake. Tatizo tu tromboni na ngoma zinakuwa jirani yako sana.

Hatua ya 5: sikiliza nyumbani kabla

Mara tatu. Sio kusoma historia ya mtunzi sijui alizaliwa wapi akaoa nani. We weka kipande wakati unaosha vyombo, mara ya kwanza hutaelewa kitu, ya pili utaanza kutambua kuna kale kawimbo kanarudi, ya tatu utakuwa unakasubiri. Siku ya konseti kakija utashtuka mwenyewe unavofurahi, kama kukutana na mtu wa kwenu ugenini. Nikienda bila kusikiliza kabla, dakika 40 zinakuwa ukungu tu mzuri, nikienda nimesikiliza zinakuwa hadithi.

Hatua ya 6: siku yenyewe

Kula kidogo. Adui mkubwa wa konseti ya mchana ni tumbo lililojaa, ukumbi una giza kidogo, kiti laini, sehemu ya pili ya simfoni mara nyingi ni ya polepole, hapo hata malaika anasinzia. Na si jambo la leo, Haydn kwenye simfoni yake ya 94, iliyopigwa mara ya kwanza London mwaka 1792, kwenye hiyohiyo sehemu ya pili ya polepole aliweka wimbo mtamu wa kunong'ona halafu ghafla okestra nzima inalipuka PAA. Watu wakasema kaweka ili kuamsha waliolala. Alipokuja kuulizwa mwenyewe alikataa, akasema alitaka tu kuwashangaza watu kwa kitu kipya. Mimi namwamini nusu.

Nguo vaa unazoenda nazo kazini au kanisani au msikitini, inatosha sana. Hamna atakayekuangalia. Beba sweta, kumbi nyingi baridi yake haina huruma.

Simu izime, nimesema izime, sio kuweka mtetemo, kwa sababu simu ikitetemeka kwenye sakafu ya mbao inalia kuliko mlio wenyewe, na kuna simu alamu inalia hata ukiiweka kimya. Wale wenye alamu ya saa kumi ya kumeza dawa au kufuata mtoto shule, mnajijua.

Pipi ya kikohozi ifungue kabla hawajaanza. Ile karatasi yake ukiifungua polepole ili usisumbue ndo unasumbua mara mbili, kakaa, kakaa, kakaa, watu mistari mitano wanageuka.

Hatua ya 7: umeshakaa, sasa nini

Utaona wanaingia wamekaa kila mtu anapiga lake, fujo tupu, usidhani wameanza. Okestra kubwa inaweza kuwa na watu 70 mpaka 100 na zaidi ya nusu ni nyuzi: fidla za kwanza, fidla za pili, viola, chelo, besi kubwa. Atasimama kiongozi wa fidla za kwanza, kimya, kisha obo, chombo cha kupuliza kama zumari, inatoa noti moja ndefu, La, mitetemo 440 kwa sekunde au juu yake kidogo kutegemea okestra, na wote wanajipanga kwa hiyo. Kwanini obo? Sauti yake nyembamba inapenya katikati ya kelele zote na haiyumbi. Mimi hiyo dakika ya kutafuta La naipenda kuliko baadhi ya vipande wanavyopiga baada yake, ni kama kundi la watu waliokuwa wanabishana wakakubaliana ghafla. Kondakta anaingia, watu wanapiga makofi, hapo piga bila wasiwasi.

Makofi sasa. Hili ndo linaogopesha watu kuliko bei. Simfoni kwa kawaida ina sehemu nne na konchato sehemu tatu, katikati ya sehemu na sehemu kunakuwa na ukimya, watu wanakohoa, wengine wanajiweka sawa, na siku hizi desturi ni kwamba hapo hupigi makofi, unasubiri mwisho wa yote. Utajuaje mwisho? Watu watakwambia hesabu sehemu, lakini kuhesabu kunadanganya, simfoni ya 6 ya Beethoven ina tano, ile isiyokamilika ya Schubert zipo mbili, ya 7 ya Sibelius ni moja tu mfululizo. Kinga yako ni mikono ya kondakta. Mikono ikiwa bado juu, hata kama ni kimya kama makaburini, haijaisha. Ikishuka, mabega yakalegea, akageuka, imeisha.

Nakwambia haya kwa sababu nimeumia. Simfoni ya 5 ya Sibelius, ile ya mwaka 1919 ambayo ndo inapigwa siku zote, inaisha kwa mapigo sita mazito ya okestra nzima, na katikati ya pigo na pigo kuna ukimya mrefu. Mi sikujua. Pigo la kwanza, paa, kimya, nikajua tayari, nikapiga makofi kwa nguvu zote tena nikainuka nusu kwenye kiti. Peke yangu. Nikiwa hewani bado likaja pigo la pili. Nikakaa polepole kama mtu anayeingia maji ya baridi, nikayasikiliza manne yaliyobaki nimeangalia magoti yangu. Mama mmoja mtu mzima pembeni yangu akanigusa mkono akaninong'oneza, "usijali mwanangu, na mimi yalishanikuta hapohapo".

Tego jingine ni simfoni ya 6 ya Tchaikovsky, 1893, sehemu ya tatu inaisha kwa kishindo kikubwa kabisa cha ushindi, mikono inawasha, karibu kila mara ukumbi unapiga, kumbe bado sehemu ya nne, ya huzuni, inayozimika kama mshumaa. Ukiwa mmoja wa waliopiga usijilaumu. Zamani watu walipiga walipojisikia, Mozart mwaka 1778 alimwandikia baba yake toka Paris kwa furaha kwamba watu wamepiga makofi katikati kabisa ya sehemu, muziki ukiendelea, na yeye alikipanga kile kipande akijua watapiga. Kwa hiyo huu ukimya ni utaratibu uliokuja baadaye, ufuate tu kwa heshima ya walio karibu yako.

Hatua ya 8: chagua mtu mmoja umfuate

Ukiona akili inaanza kutangatanga, unafikiria kodi, unafikiria ulifunga mlango au hukufunga, usijilazimishe "kusikiliza muziki". Chagua mtu mmoja jukwaani. Mfuate yeye tu.

Mfano Dvořák 9, kamtafute mpiga tuba, lile dude kubwa la shaba. Simfoni nzima ni kama dakika 40 na yeye anapiga kwenye sehemu ya pili tu, noti hazifiki hata ishirini. Basi nilimchunguza mmoja. Alikaa amelaza tuba mapajani kama mtoto aliyelala. Sehemu ya kwanza yote, hakuna. Sehemu ya pili ikakaribia, akaiinua, akapuliza hewa ya kimyakimya kuipasha joto, akapiga zile noti zake chache nzito za polepole, mwanzoni pale na tena kuelekea mwisho, chini kabisa, karibu huzisikii unazihisi tu kifuani, akaishusha, akatoa kitambaa akafuta mdomo wa tuba taratibu. Kisha akakaa kuwasikiliza wenzake mpaka mwisho, ametulia. Na kwenye simfoni hiyohiyo matoazi yanapigwa mara moja, sehemu ya nne, tena si kwa kishindo, unasikia tu kama kitu kimepumua. Ukimpata huyo mtu wa matoazi anavosimama na kujiandaa hutasinzia tena, utakuwa na wasiwasi kuliko yeye.

Karibu na mwanzo wa hiyo sehemu ya pili, baada ya zile noti za kwanza za tuba, kuna obo kubwa yenye sauti nzito kidogo inapiga ule wimbo ambao hata wewe unaujua bila kujua unaujua. Hapo mwache mtu wa tuba, sikiliza.

Watoto

Konseti za mchana za familia zipo kwenye misimu mingi, na kama wameweka Petro na Mbwamwitu ya Prokofiev (1936) mpeleke mtoto bila kusita, kuna msimulizi, ndege ni fluti, bata ni obo, paka klarineti, babu basuni, mbwamwitu ni honi tatu. Mwambie nyumbani nani ni nani halafu mwache akuonyeshe mwenyewe. Konseti ya kawaida ya masaa mawili mtoto wa miaka minne hatoweza, na haki yake. Kaa naye pembeni karibu na mlango, akichoka mnatoka kati ya kipande na kipande, hamna aliyekufa.

Kwenye mapumziko

Nenda chooni kwanza, foleni ndefu ya wanawake inajulikana dunia nzima. Ukiona mtu yuko peke yake anasoma kijitabu cha programu muulize lolote, wale wazee wa konseti za mchana wamekaa wanasubiri kuulizwa, watakupa historia ya okestra nzima toka kondakta wa tatu nyuma, mengine umbea. Mi nimejifunza zaidi kwenye hiyo foleni kuliko kwenye kijitabu.

Ukishindwa kwenda

Usiache tiketi ifie kwenye droo. Piga simu ofisi ya tiketi mapema, sio saa moja kabla, okestra nyingi zinakubali kukubadilishia siku nyingine ya msimu huohuo au kuichukua wampe mtu mwingine, ila sharti la siku ngapi kabla huwa limeandikwa nyuma ya tiketi au kwenye meseji ya malipo kwa maandishi madogo kama sisimizi, lisome siku unayonunua.